MTU MBELE YA MEZA

Hotuba juu ya kujitayarisha kwa mahojiano na mitihani ya mdomo ya uhandisi wa mitambo, iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Tanga



Halmashauri imeniomba niseme nanyi jioni hii juu ya jambo ambalo limewasumbua wengi wenu mwaka hata mwaka, yaani jinsi impasavyo kijana aliyesomea uhandisi wa mitambo kujitayarisha kabla ya kwenda kukaa mbele ya jopo la watu wanne au watano na kuulizwa kwa mdomo. Nilipoletewa barua ya mwaliko nilisita kidogo, maana mimi si mwalimu wa chuo, na Kiingereza changu cha vitabu kimeanza kuota kutu. Lakini Katibu aliniambia maneno yaliyonishika. Alisema kwamba katika mwaka mmoja watoto watatu wa wanachama walisafiri kwenda kwenye usaili, wote wana shahada nzuri, wote walishinda karatasi ya kuandika, na wote watatu walirudi mikono mitupu kutoka kwenye mahojiano. Nauli ya mmoja wao ilipatikana kwa kuuza mbuzi wawili wa bibi yake huko Maramba. Basi nikaona haifai kukataa.

Makarani wenzangu wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Mimi mwenyewe nilianza kazi nikiwa karani wa stoo katika karakana moja ya mkoa huu. Kazi yangu ilikuwa kupokea na kutoa vipuri: beringi, mikanda, boliti, vali na vinginevyo. Kila kipuri nilikijua kwa namba yake, kwa bei yake na kwa rafu yake. Nikajiandikisha katika masomo ya jioni, nikapata cheti, nikaomba kazi ya fundi mchundo katika shirika ambalo sina haja ya kulitaja. Nilijitayarisha miezi miwili, kila usiku kwa taa ya chemli, nikihifadhi maana za maneno kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo juzuu.

Siku ilipofika nilikuta mabwana wanne nyuma ya meza. Swali la kwanza lilikuwa hili: nini maana ya kavitesheni katika pampu ya maji? Nikajibu bila kuvuta pumzi, neno kwa neno kama kitabu kilivyosema, hata bwana mmoja akatabasamu. Yakaulizwa mengine mawili matatu, nayo nikayajibu. Kisha mzee aliyekaa pembeni, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema kitu, akainama, akatoa chini ya meza gurudumu la pampu lenye mapanga sita, akaliweka mbele yangu. Lilikuwa limechimbika matundu matundu kama uso wa mtu aliyepona ndui. Akaniuliza, "Hili limepatwa na nini?"

Nikasema, "Ni kutu, bwana."

Akasema, "Kutu gani hii ilayo upande mmoja wa panga na kuuacha upande wa pili uking'aa?"

Sikuwa na neno. Akaniambia ahsante, naweza kwenda.

Nilikuwa nimelieleza jambo lile dakika 10 kabla, na lilipowekwa mbele yangu sikulitambua. Wala siwezi kuwalaumu mabwana wale hata kidogo. Maji yanapoingia katika tundu la kati la gurudumu, mkandamizo wake hushuka. Ukishuka mno, maji huchemka pale pale ingawa ni ya baridi, yakatoa viputo vya mvuke. Viputo hivyo huchukuliwa na maji hadi mahali penye mkandamizo mkubwa, navyo hupasuka kwa ndani, kila kimoja kikiupiga uso wa chuma kama ncha ya nyundo ndogo sana. Mapigo hayo yakiendelea siku hata siku, chuma huchimbika mahali pale yanapopiga, na penginepo hubaki salama. Pampu yenye maradhi haya hulia kama iliyotiwa kokoto tumboni. Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi nikipita nje ya karakana na daftari langu la stoo, nikadhani ni tabia yake.

Nimeanza na aibu yangu ili mwelewe tofauti iliyopo kati ya karatasi na mdomo. Karatasi huuliza mara moja, ukaijibu, ikanyamaza. Mtu huuliza tena. Anataka kujua maarifa yako yamesimama juu ya nini, naye hana njia nyingine ya kujua ila kuyasukuma kidogo kidogo mpaka yatikisike au yakatae kutikisika.

Katika nchi yetu kazi nyingi za Serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyowekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007. Kijana huomba kwa njia ya mtandao, kisha huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Kwa kazi fulani huwekwa na usaili wa vitendo. Na mwisho huja mahojiano. Makampuni nayo yana taratibu zao, lakini hakuna nililoliona lisilo na meza na watu nyuma yake. Na meza hii si ngeni kwa watumishi wa Tanga. Wazee waliounda chama cha watumishi Waafrika katika mji huu mwaka 1922, kiongozi wao akiwa Martin Kayamba, walijua kalamu kuliko wengi wa zama zao. Mwaka 1931 Kayamba alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamugira, akaketi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuulizwa juu ya shauri la kuziunganisha Tanganyika, Kenya na Uganda. Kwa mtu aliyezoea majalada, ambaye kazi yake yote ni kuandika, kusoma tena na kusahihisha, kuulizwa ana kwa ana na mabwana wa nchi nyingine ni safari ya pili mbali na ile ya meli. Neno likitoka kinywani halifutiki.

Sasa nifike kwenye shauri langu lenyewe, nalo ni moja. Kijana na achague mashine moja, moja tu, aijue mpaka mwisho wake. Na asiichague kutoka kitabuni. Aichague inayosimama karibu na kwao, aweze kuigusa, kuisikia, na kama mwenyewe akimruhusu, kuifungua. Baada ya kushindwa kwangu nilimwendea fundi mzee mmoja wa pampu, nikamwomba ruhusa ya kumshikia spana jioni baada ya kufunga stoo. Alikubali kwa sharti la kwamba nisiulize jina la kitu chochote kabla sijasema kinafanya nini. Miezi mitatu nilikaa naye. Mahojiano ya pili nilifaulu, na miaka mingi baadaye nikaitwa kukaa upande wa pili wa meza, nami nikaona kwa macho yangu kwamba ugonjwa wangu wa zamani ni ugonjwa wa wengi.

Tutwae pampu hiyo hiyo. Jopo laweza kuuliza swali ambalo kila mwenye kisima katika nchi hii angependa kujua jibu lake: mtu ana kisima ambacho maji yake yako mita 12 chini, ameweka pampu yake juu kando ya mdomo wa kisima, pampu inazunguka vizuri lakini maji hayaji, kwa nini? Kijana aliyehifadhi atasema pampu ni dhaifu, wanunue kubwa zaidi. Hapo amekwisha. Pampu kubwa zaidi itanguruma zaidi, na maji yatabaki pale pale.

Ukweli ni kwamba pampu haivuti maji. Huondoa hewa katika bomba, na hewa ya nje, inayokandamiza uso wa maji kisimani, ndiyo iyasukumayo maji kupanda. Mkandamizo wa hewa hapa pwani ni yapata paskali 101,000. Mita moja ya maji yakandamiza kwa paskali 9,810. Gawanya, utapata mita 10 na kidogo, nao ndio mwisho wa uwezo wa hewa, hata kama pampu ingetoka mbinguni. Mafundi wa Italia walikwisha kuliona jambo hili kazini kabla ya wanachuoni kulieleza. Galileo aliliandika, na Torricelli mwaka 1643 akaonyesha sababu yake kwa bomba la zebaki.

Jopo halitakomea hapo. Litauliza, je, kisima cha mita 10 kamili kitafaa? Hakitafaa. Maji yenyewe hutoa mvuke, na katika joto letu la digrii 30 mvuke huo hula karibu nusu mita ya ule urefu. Msuguano ndani ya bomba hula sehemu nyingine, na kila kona ya bomba huongeza. Na pampu yenyewe yataka mkandamizo uliobaki mdomoni mwake, ama sivyo yatarudi yale matundu ya ndui niliyoyaita kutu. Kwa hiyo fundi mwenye busara hapiti mita 6 au 7. Na wakiuliza dawa, dawa ni kuipeleka pampu chini ikazame majini iyasukume, maana kusukuma hakuna mpaka huo.

Tazameni jinsi swali moja la kisima lilivyobeba mkandamizo wa hewa, mvuke, msuguano na kavitesheni. Kijana aijuaye mashine moja hivi anazo sura nne za kitabu mkononi, na akitikiswa katika moja atashika nyingine.

Watu wa Tanga tuna neema ambayo vijana wetu hawaijui. Wanasafiri siku nzima ndani ya basi wakisoma makaratasi, na njiani wamepita mbele ya mashine ambazo jopo laweza kuwauliza habari zake. Hatua chache kutoka hapa ipo reli iliyoanza kujengwa katika mji huu mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911. Kila mtoto wa Ngamiani amewahi kuona nafasi ndogo katika maungio ya vyuma vya reli. Kwa nini iachwe? Chuma cha urefu wa mita 12, joto lake likipanda digrii 30 toka alfajiri hata saa nane mchana, hurefuka milimita 4 na kidogo, kwa sababu kila mita ya chuma cha pua hurefuka sehemu 12 za milioni kwa kila digrii moja. Kikinyimwa nafasi, chuma kitajikunja kando. Hesabu hiyo ni ya dakika moja. Lakini ajitayarishe kwa swali la nyuma yake, maana mimi nililiuliza mara nyingi na wengi walianguka hapo: mbona ziko reli zilizolehemiwa zikawa ndefu sana bila nafasi, nazo hazijikunji? Hapo ndipo hutambulikana aliyefikiri. Reli hizo hufungwa imara kwenye mataruma, na kokoto huyashika mataruma. Kurefuka kunazuiwa, na nguvu yake hubaki ndani ya chuma chenyewe kama mbano. Tena mafundi huzifunga zikiwa katika joto la wastani, ili mbano wa mchana na mvuto wa usiku visizidi kiasi.

Ukipanda juu kidogo, upo mto Pangani. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964 na kina uwezo wa megawati 21. Kile kipya cha Maporomoko ya Pangani kilikamilika mwaka 1995, kikiwa na mitambo miwili ya megawati 34 kila mmoja, na maji yake huanguka yapata mita 170. Swali: mtambo mmoja ukifanya kazi kwa nguvu zake zote, wataka maji kiasi gani kwa sekunde? Kijana asiogope, na asiombe kikokotoo. Uzito wa mita moja ya ujazo ya maji ni karibu nyutoni 10,000. Zidisha kwa mita 170, utapata kazi ya juli 1,700,000. Mtambo ukipoteza sehemu moja katika kumi, zabaki juli kama 1,500,000. Megawati 34 ni juli 34,000,000 kila sekunde. Gawanya: mita za ujazo 22 au 23. Jopo halitaki nukta zake; lataka kuona kwamba ajua akadirie vipi, na kwamba akipata jibu la lita 22 au mita 22,000 atashtuka mwenyewe kabla hawajamshtua.

Kadhalika mkonge. Dr. Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida, na mwaka 1893 ikafika mkoani kwetu 62 tu iliyo hai, na kutoka hiyo yakaja mashamba yote. Mashine ya korona ikamuapo jani hutoa nyuzi kwa uzito usiofika hata sehemu moja katika ishirini ya jani bichi. Nyingine zote ni maji na makapi. Mhandisi akiulizwa wapi nguvu za mashine ile zinakwenda, na kwa nini beringi zake hufa mapema mahali penye maji na tindikali ya majani, yampasa awe amewahi kusimama karibu nayo. Na tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lilipowekwa Chongoleani mwezi wa Agosti 2017, sijui kijana wa Tanga ambaye hakutamani kazi huko. Basi na ajue kwa nini bomba hilo la kilomita 1,443 kutoka Hoima lilibuniwa kuwa la kupashwa moto. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli ya asubuhi, na hakuna pampu itakayoyapeleka. Nimeshangaa mara ngapi kusikia watu wakizungumza ajira za bomba hilo barazani mwaka mzima bila mmoja kuuliza habari hiyo ya nta.

Sasa neno juu ya kutojua, maana hapa ndipo wengi hujimaliza wenyewe. Jopo huuliza mpaka lifike mwisho wa maarifa yako. Ndiyo kazi yake. Kufika mwisho huo si kushindwa. Nimeona vijana wazuri sana ambao, walipofika hapo, walianza kutunga. Nakumbuka mmoja aliyeulizwa ugumu wa chuma fulani, akataja namba kwa sauti kubwa, na tulipomwuliza umepimwaje akataja chombo cha kupimia urefu. Kabla ya swali hilo alikuwa wa kwanza kwetu. Mwingine, binti kutoka Korogwe, aliulizwa habari za mtambo ambao hakuwa ameuona kamwe. Akasema, "Mabwana, mtambo huu siujui. Lakini kama una shafti izungukayo kwa kasi hiyo mliyosema, ningeanza kutazama beringi na usawa wa uzito wake, kwa sababu mtikisiko unakuja mara moja kwa kila mzunguko." Hakuwa amejibu swali letu lote. Alitupa sababu ya kumwamini karakanani siku ambayo hakuna mkubwa wa kumwuliza, na tulimchukua.

Kwa hiyo namna ya "sijui" yafaa ijulikane. Mtu asema asilolijua, kisha asema alilo nalo karibu yake, kisha asema angelitafutaje. Lakini "sijui" ya mtu mvivu, inayokuja upesi kabla swali halijamalizika, hiyo jopo huitambua mara moja.

Juu ya hati nitapita haraka, maana makarani mnajua kuliko mimi. Kijana aende na vyeti vyake halisi, cha kuzaliwa na vya masomo, na kitambulisho. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi awe amekwisha kuthibitishiwa vyeti vyake na mamlaka husika. Na jina! Majina yakitofautiana katika vyeti, mmoja Mwanahamisi na mwingine Mwanahamis, atengeneze hati ya kisheria mapema, si asubuhi ya usaili akiwa anakimbia mitaani kutafuta wakili. Gharama za safari ni zake mwenyewe, basi ni huzuni kuuza mbuzi wawili ili ukarudishwe mlangoni kwa herufi moja. Na ajue pia kwamba aliyefaulu akakosa nafasi huweza kuwekwa katika kanzidata, akaitwa nafasi ikipatikana. Kunyamaziwa si lazima kuwe ni kukataliwa.

Uko mtihani mwingine wa mdomo ambao huja baadaye, nao ni wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyowekwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997. Mhitimu hutakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi wa wahandisi, kwa kawaida miaka mitatu, na tangu mwaka 2003 upo mpango maalumu wa mafunzo hayo, kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Hueleza kwa maandishi kazi alizozifanya, kisha huulizwa juu yake. Hapa karani anamzidi mhandisi! Karani amefundishwa kuandika tarehe, kiasi na jina siku ile ile jambo linapotendeka. Vijana wetu wengi huandika daftari lao la kazi mwishoni mwa miaka mitatu, kwa kukumbuka, na kila ukurasa husomeka "tulifanya", "tulibadilisha", "tulikarabati". Mwenye kuuliza atauliza swali dogo tu: wewe ulifanya nini? Naye kijana hutazama dari. Nawasihi ninyi wazazi makarani, mpeni mwanao daftari siku ya kwanza ya kazi, mfundisheni kuandika kila jioni: mashine gani, ilikuwa na dalili gani, nilidhani nini, nikapima nini, nikakuta nini, na hasa nilipokosea. Ukurasa wa kosa lake mwenyewe ndio atakaoulizwa zaidi, na ndio atakaoujibu vizuri zaidi.

Mtaniuliza juu ya lugha. Maswali ya ufundi mara nyingi huja kwa Kiingereza, na ni kweli kwamba kijana hujikwaa. Wengi hudhani dawa ni kuhifadhi maneno makubwa. Mimi nilipojitayarisha mara ya pili nilifanya kinyume. Nilimweleza shangazi yangu, ambaye alikuwa akiuza samaki sokoni Ngamiani na hakusoma hata darasa moja, kwa nini pampu haifikii maji ya mita 12. Alinikatiza mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Basi ni kama kunywa dafu kwa mrija, ukiziba tundu la juu maji hayapandi?" Nikaona kwamba yeye amekwisha kuelewa, na mimi ndiyo kwanza naanza. Baada ya hapo Kiingereza kilikuja chenyewe, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kusema. Asiye na shangazi wa namna hiyo na atafute mdogo wake, au jirani, au karani mwenzetu yeyote; asitafute mwanafunzi mwenzake, maana hao wawili watadanganyana kwa istilahi.

Na mavazi, na salamu, na kukaa kitako vizuri? Awe safi, aamkie wakubwa kama alivyofundishwa nyumbani, angoje aambiwe keti. Zaidi ya hapo sikumwona mtu aliyepata kazi kwa tai.

Bwana Mwenyekiti, nyuma ya nyumba yangu huko Chumbageni iko pampu moja nzee iliyotupwa, niliyoinunua kwa bei ya chuma chakavu. Gurudumu lake lina matundu upande mmoja. Kila Jumamosi baada ya saa kumi mimi nipo, na spana zipo, na mke wangu hachoki kupika chai. Wale vijana watatu waliorudi mikono mitupu nawaomba waje kwanza, na wengine wafuate. Wasilete vitabu siku ya kwanza.